Vinanda Vinavyolala Siku Sita

Najua wengine wenu mnasoma hii mkiwa ndani ya matatu pale Jogoo Road, na wengine mko kazini Industrial Area mmepata dakika kumi za chai. Soma polepole. Ukifika steji weka simu mfukoni, utamalizia jioni, kwa sababu neno la wiki hii ni refu kuliko kawaida yetu.

Fungua 1 Mambo ya Nyakati 25, mstari wa 1 mpaka wa 8.

Ni sura ambayo wengi wetu huiruka. Ni majina juu ya majina, na mengine yanakwama kooni hata kwa mchungaji. Lakini tulia nayo. Daudi amezeeka. Anapanga kazi ya hekalu ambalo hatalijenga wala hataliona kwa macho yake. Sura ya 24 amepanga makuhani. Sura ya 26 atapanga mabawabu wa malango na watunza hazina. Katikati hapo, kabla ya malango na kabla ya pesa, anapanga waimbaji: wana wa Asafu, wana wa Hemani na wana wa Yeduthuni, watakaotoa unabii kwa vinubi, kwa vinanda na kwa matoazi.

Mstari wa 7 unawahesabu. Walikuwa 288. Na Biblia haisemi tu kwamba walikuwa na vipaji. Inasema walikuwa wamefundishwa. Mstari wa 8 unasema walipiga kura kujua zamu zao, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Zamu 24, kila zamu watu 12. Piga hesabu mwenyewe, utapata 288.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa Kiebrania alitusimamisha kwenye mstari huo wa 8. Alituonyesha neno "talmidi", maana yake mwanafunzi. Ni neno ambalo baadaye Wayahudi walilitumia sana, na ndugu yake ni lile jina Talmudi. Lakini katika Agano la Kale zima la Kiebrania, neno hilo limeandikwa mara moja tu. Halikuandikwa katika shule ya sheria wala katika shule ya manabii. Limeandikwa hapa, kwenye darasa la muziki.

Mpendwa, kaa na jambo hilo kidogo. Mahali pekee ambapo Agano la Kale linamtaja mwanafunzi kwa neno hilo, amesimama kando ya mwalimu wake, ameshika chombo, na wote wawili wanangoja kura moja.

Sasa nikuulize swali. Tembea kutoka Makongeni uende Mbotela, pita Kaloleni, rudi na njia ya Maringo mpaka Hamza. Hesabu makanisa. Yako ya mawe, yako ya mabati, yako yanayokodi darasa la shule siku ya Jumapili. Karibu kila moja lina kinanda, lina dramu, lina gitaa la besi na spika mbili kubwa. Vyombo hivyo vilinunuliwa kwa harambee. Kuna mama aliyeuza mandazi mwezi mzima ili kinanda kije. Kinapigwa Jumapili saa tatu, labda na kesha moja. Halafu kinafunikwa kitambaa, kufuli inafungwa, na kinalala siku sita. Nje ya mlango huohuo kuna mtoto anayepiga mtungi wa maji kwa vijiti, na anapiga vizuri.

Tumezoea kusema hatuna wanamuziki kanisani. Ndiyo maana siku hizi mpiga kinanda ni wa kukodi. Asubuhi yuko kwetu, saa sita yuko Umoja, jioni yuko kwenye harusi, na kanisa likiongeza mia tano anahama. Mimi simlaumu kijana huyo, anatafuta riziki. Ninachouliza ni hiki: kama tuna vyombo na tuna watoto, kwa nini tunakodi? Ni kwa sababu tunataka wapigaji, lakini hatutaki kazi ya kuwa na wanafunzi.

Na sisi Wapentekoste tuna ugonjwa wetu. Tunasema, "Roho ataongoza." Amina, ataongoza. Lakini upako haumpangii mtu vidole kwenye kinanda. Soma tena mstari wa 1 na wa 7 kwa pamoja: walewale waliotoa unabii kwa vinubi ndio waliofundishwa. Unabii na mazoezi viko katika sura moja na havigombani. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:22, Kenania aliwekwa juu ya uimbaji na kuufundisha kwa sababu alikuwa stadi. Na Kumbukumbu la Torati 31:19, Mungu mwenyewe anamwambia Musa auandike wimbo na awafundishe wana wa Israeli, auweke vinywani mwao. Hakusema autume. Alisema aufundishe.

Washirika wetu mnajua kwamba kanisa letu hufunguliwa Jumatano jioni na Jumamosi mchana kwa darasa la muziki. Naandika kwa sababu wengi mmeuliza ni nini hasa kinafanyika mle ndani, na wengine mmeuliza kwa sauti isiyo ya furaha. Basi nieleze.

Hatuanzi na kinanda. Tunaanza na mikono. Mtoto anapiga makofi akisema majina ya chakula. "Chai" ni pigo moja. "Ma-ji" ni mawili ndani ya pigo lilelile. "Cha-pa-ti" ni matatu. "Ma-ha-ra-gwe" ni manne. Ukiandika ubaoni chai, maji, maharagwe, chai, tayari mtoto wa miaka saba amesoma mdundo, na amecheka. Baada ya hapo tunaingia solfa: do, re, mi. Solfa haitaki umeme, haitaki piano. Ilianzia Norwich, Uingereza, kwa mama mmoja mwalimu aitwaye Sarah Glover, kisha ikaendelezwa na mchungaji John Curwen, ambaye mwaka wa 1841 aliombwa na walimu wa shule za Jumapili atafute njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba. Ikafika Afrika na wamishenari, na huku ikashika mizizi kuliko ilikotoka. Kwaya nyingi za vijijini mwetu zimejifunza nyimbo za sauti nne kwa karatasi ya solfa bila kuona piano hata siku moja.

Kisha tunafundisha kitu kigumu kuliko vyote, nacho ni kunyamaza. Katika muziki kimya huandikwa na huhesabiwa. Kama karatasi inasema nyamaza mapigo mawili, hujapumzika. Unafanya kazi ya kumngojea mwenzako. Mpendwa, mtoto wetu anaishi katika kelele. Matatu hapa, baa pale, jirani anachomelea mageti, na sisi wenyewe na spika zetu za kesha. Ili asikike nyumbani ni lazima apige kelele. Jumamosi anajifunza kwamba kuna wakati wa sauti ya pili kuingia, na wakati huo ukifika hakuna atakayemnyang'anya. Mama mmoja aliniambia kijana wake sasa anangoja dadake amalize kusema kabla ya kujibu. Mimi nikasema Haleluya. Kuna mahubiri yangu mengi ambayo hayajafanya hivyo.

Wanaokuja si watoto wa kanisa letu pekee. Wako Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba, kuna wa familia iliyotoka Bukavu, Kongo, na kuna wa nyumba za Kiislamu. Mama mmoja aliyevaa buibui alikuja mpaka mlangoni akaniuliza wazi, "Pasta, mtamfundisha ngoma ama mtamuokoa?" Niliheshimu swali lake. Nilimjibu, "Mama, Jumamosi tunafundisha muziki. Jumapili tunahubiri, na mlango uko wazi kwa atakaye kuja. Hatutamvizia mtoto wako." Alikaa kiti cha nyuma siku hiyo mpaka mwisho. Wiki iliyofuata alimleta na binamuye.

Sasa nije kwa manung'uniko, maana nimeyasikia na sitaki kujifanya sijayasikia.

La kwanza: "Pasta, vyombo hivi vimewekwa wakfu." Ni kweli, tuliviombea. Lakini kitu kikiwekwa wakfu kimetengwa kwa kazi ya Mungu, hakijatengwa ili kisiguswe. Kinanda kilichowekewa mafuta kisha kikafungiwa hakina utakatifu zaidi ya kile kilichofundisha watoto 30. Na kikichakaa, kitakuwa kimechakaa kwa kazi. Nyaya zikikatika tutanunua nyingine. Miaka ya mtoto haiuzwi dukani.

La pili: "Tunafundisha watoto wa watu wengine, halafu watakwenda kupiga kwa makanisa yao." Ndiyo, wataenda. Nenda uone Jeshi la Wokovu wanavyofanya. Wako Kenya tangu 1921, na karibu kila mahali walipo utaona wana bendi ya tarumbeta na ngoma. Wao walianza muziki wa tarumbeta Uingereza mwaka wa 1878, baba mmoja Charles Fry na wanawe watatu huko Salisbury, wakipiga barabarani ili wahubiri wasikike na wahuni wasiwavamie. Hawakungoja wapigaji waliokomaa. Wana desturi ya kuwa na bendi ya watoto kando ya bendi ya wakubwa, na mdogo anajifunza kwa kukaa kando ya mkubwa. Wangapi waliofundishwa hapo leo wako bendi za polisi, za jeshi, za shule, na za makanisa mengine? Hakuna aliyewapelekea risiti. Paulo alipanda, Apolo akatia maji, Mungu akakuza.

La tatu, na hili nalisikia zaidi kwa wazazi: "Muziki hauleti ugali, na utampeleka kwa klabu." Mzazi, nakuelewa. Karo ni kubwa na unataka mtoto asome hesabu. Lakini hesabu anaisoma hapa pia, kwa makofi. Kuhusu klabu, mtoto mwenye kipawa atapata mwalimu, hilo ujue. Swali ni atampata wapi. Kama kanisa limefunga mlango siku sita, mwalimu mwingine hajafunga wake.

Niwaambie kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu hivi.

Mimi nilifundishwa solfa hapahapa na mzee mmoja aliyekuwa karani wa reli, aliyestaafu. Mnajua mtaa wetu ni wa reli. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na reli haikuajiri kabila moja. Ilileta watu kutoka ziwani, kutoka milimani, kutoka Ukambani na kutoka pwani, ikawapanga mlango kwa mlango, wakatumia bomba moja la maji. Mzee huyo alikuwa Mwanglikana, sisi nyumbani tulikuwa Wapentekoste. Hakuuliza. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, akaandika ngazi ya solfa kwa makaa, akaitundika barazani. Tulikuwa wavulana tisa na wasichana wawili. Mzee hakuruhusu ukae na ndugu yako wala na mtu wa lugha yenu. Alitupanga kwa sauti. Kama wewe ni sauti ya tatu, unakaa na sauti ya tatu, basi. Hivyo mimi nilikaa miaka mitatu bega kwa bega na kijana ambaye babake na babangu hawakusalimiana wakati wa siasa.

Ikaja Desemba 2007 na Januari 2008. Wakubwa mnakumbuka, na vijana mnaosoma hii mmeambiwa. Tume ya Waki iliandika kwamba watu 1,133 walikufa Kenya katika machafuko yale. Hapa Nairobi watu waliulizwa wanatoka wapi kabla ya kuulizwa hali. Mnaijua ile hadithi ya Waamuzi 12, kule kwenye vivuko vya Yordani, mtu aliambiwa aseme "Shibolethi", akisema "Sibolethi" anauawa. Elfu arobaini na mbili walikufa kwa ajili ya herufi moja mdomoni. Ndugu, Eastlands ilikuwa na vivuko vyake.

Katika siku zile, yule wa sauti ya tatu alinipigia simu. Mtaa aliohamia ulikuwa umegeuka, na alikuwa amejificha nyumbani kwa mwajiri wake. Nilimpigia mwingine wa darasa letu, aliyekuwa dereva na aliyezungumza lugha ya wale waliokuwa wamesimama barabarani. Alimwendea usiku, akamficha chini ya magunia ya makaa, akamleta kwake. Alilala sakafuni kwake siku tisa. Watu watatu, kabila tatu, makanisa matatu. Kilichotuunganisha ni kalenda iliyogeuzwa na mzee mmoja aliyetupanga kwa sauti. Yeye alikuwa ameshafariki miaka mingi, hakujua alichokuwa akipanda pale barazani.

Lakini nikisema hivyo ni lazima niseme na hili, ili tusidanganyane. Mmoja wa wale tisa alikuwa upande wa pili, kati ya waliorusha mawe. Alijua solfa kama sisi, tena alikuwa na sikio zuri kutuzidi. Kwa hiyo mtu asije akakwambia muziki peke yake unaokoa mtu. Soma 1 Samweli 16, Daudi anapiga kinubi na Sauli anapata nafuu. Kisha soma sura ya 18. Daudi anapiga kinubi kilekile, na Sauli anamrushia mkuki. Kinubi kilimtuliza Sauli, hakikumbadilisha. Kubadilisha moyo ni kazi ya Bwana Yesu, nami nitahubiri hivyo mpaka nizikwe.

Hata hivyo, mpendwa, usidharau kinachofanywa na kinubi. Kinamkalisha mtu chumba kimoja na mwenzake, wiki baada ya wiki, wakifanya kitu ambacho mmoja hawezi kukimaliza bila mwingine. Injili huhitaji mahali pa kukuta watu. Watu ambao hawajawahi kukaa pamoja watapendana lini? Amani ya mji haianzi siku ya mkutano wa amani, wakati viongozi wameshikana mikono na kamera zimewashwa. Inaanza miaka 15 kabla, kwa watoto wanaongoja kimya cha mapigo mawili. Mwaka wa 2027 unakuja. Mwenye kutaka kupanda kitu alipaswa kuwa shambani jana.

Hata wimbo wetu wa taifa ulizaliwa hivyo. Mwaka wa 1963 iliundwa kamati ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliichukua sauti ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, kabila lisilo kubwa. Leo ukipigwa, hakuna anayeuliza ni wa nani. Rais anasimama, na muuza karanga anasimama. Mama fulani alikuwa akimlaza mtoto wake, na sauti yake ikawa mahali ambapo nchi nzima inakutana.

Na si lazima niwapeleke mbali kuona kazi hii ikifanywa. Panda matatu uende Korogocho, jirani na jaa la Dandora. Pale kwa Wakatoliki, kanisa la Mtakatifu Yohana, kuna kazi inayoitwa Ghetto Classics, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka wa 2008 au karibu na hapo, na watoto wachache. Leo kuna watoto wanaopiga fidla, klarineti na tarumbeta mahali ambapo moshi wa taka huingia madirishani. Kuna waliojifunza pale ambao sasa ndio wanaofundisha wadogo zao. Hiyo ni 1 Mambo ya Nyakati 25:8 inayotembea kwa miguu. Mapema zaidi, mwaka wa 1975 huko Caracas, Venezuela, José Antonio Abreu alianza na vijana 11 ndani ya gereji, na kazi hiyo ikaenea nchi nzima na kuigwa ulimwenguni. Gereji na vijana 11. Nasi tuna kanisa lenye umeme.

Nimalizie kwa jambo linalotuuma wote. Nyumba hizi za reli, ambazo wengi wetu tulizaliwa ndani yake, siku zake zimehesabiwa. Majirani wameanza kufunga vitu. Wengine wamekwenda Kayole, wengine Ruai, wengine wamerudi mashambani. Nimeulizwa na mzee wa kanisa, kwa upole kabisa, "Pasta, mbona tunaanza darasa wakati mtaa unaondoka?" Ni swali la haki.

Jibu langu ni hili. Ukuta ukianguka, mlango wa jirani yako unaanguka nao. Bomba mlilochota pamoja linang'olewa. Yale yote yaliyotufanya tujuane bila kupanga, hayatakuwepo. Yatakayobaki ni yale tuliyowekeana ndani. Mtoto akihama na begi moja, hawezi kubeba uwanja wa Makongeni, lakini anaweza kubeba sauti yake ya pili, na mahali popote atakapokuta watu wanne wanaoimba, ana kiti. Wana wa Israeli walipochukuliwa Babeli hawakubeba hekalu. Zaburi ya 137 inaonyesha walibeba vinubi. Walivitundika kwenye miti kwa uchungu, ni kweli, lakini walikuwa navyo, kwa sababu kuna mtu aliyewafundisha wakati nyumba ilikuwa bado imesimama.

Kwa hiyo, mpendwa, wiki hii nakuomba mambo manne.

Moja. Kama wewe ni mchungaji au mzee wa kanisa na unasoma hii, uliza ufunguo wa vyombo uko kwa nani, na kwa nini haufunguki siku ya Jumamosi. Anza na saa mbili tu.

Mbili. Kama unajua kupiga chochote, hata nyimbo tatu za gitaa, tuletee saa moja kwa wiki. Utaratibu wetu ni mmoja na haubadiliki: walimu huwa wawili au zaidi, mlango huwa wazi, na hakuna mtoto anayefundishwa peke yake na mtu mzima.

Tatu. Kama una filimbi, gitaa lisilo na nyuzi, au kinanda cha watoto kilichokaa juu ya kabati, tuletee. Tuna fundi wa kukarabati.

Nne. Usilete mtoto wako peke yake. Mlete na wa jirani, hasa yule ambaye wewe na mzazi wake hamjasalimiana.

Tuombe.

Baba, uliyemhesabu mwanafunzi sawasawa na mwalimu, tunakuletea watoto wa Makongeni, wanaobaki na wanaohama. Wape masikio ya kumsikia mwenzao. Utuondolee Shibolethi midomoni mwetu kabla ya siku ya jaribu. Fungua makufuli tuliyofunga kwa mikono yetu wenyewe. Na yule mwenzetu mwenye sikio zuri aliyerusha mawe, popote alipo leo, umkumbuke, Bwana, umrudishe nyumbani. Katika jina la Yesu. Amina.

Darasa ni Jumamosi saa nane mchana. Kama umeguswa, andika Amina hapo chini, halafu usiishie hapo: mtumie mtu mmoja mwenye ufunguo wa kanisa.

Mbarikiwe na Bwana. Ni mimi mchungaji wenu.